Springi na shokapu mpya kwenye Defender ya 1995: nilichonunua na nilichokataa kuuziwa

Springi nne na shokapu nne za chapa ya Old Man Emu, pamoja na bushi (mito ya raba ya kwenye maungio) na ufundi, zimenigharimu karibu bei ya ng'ombe wawili wa maziwa, chotara, wenye mimba. Nalitaja hilo mapema kwa sababu ndiyo hesabu ninayoielewa vizuri. Mimi ni daktari wa mifugo, na gari ninalolizungumzia ni Land Rover Defender 110 ya mwaka 1995, steshenwageni, injini ya 300Tdi, ambalo lilikuwa la shirika moja kabla halijawa langu. Naona fedha ilikwenda mahali pake. Ila watakaosoma hapa wakakimbilia dukani kuulizia jina hilo tu, bila kujua gari lao linabeba kilo ngapi, watarudi na gari gumu na mfuko mtupu.

Gari langu halibebi watalii. Nyuma linakaa na mtungi wa naitrojeni ya kimiminika wenye mirija ya mbegu za madume, ninazozifuata Usa River kwenye Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji. Ndani ya mtungi ule kuna baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Chombo cha ndani kimeshikiliwa na shingo yake peke yake, na kati yake na ganda la nje hewa imeondolewa. Mtungi wa namna hiyo ukitikiswa sana naitrojeni huisha upesi, na shingo ikipata ufa baridi yote inatoroka, mbegu zinabaki za kumwaga. Pembeni kuna kasha la chanjo lenye barafu, madumu ya dawa ya kuogeshea, maji, kamba, jeki ndefu na tairi mbili za akiba. Mzigo huo hushuka tu gari linapoingia gereji.

Njia zangu ni Mto wa Mbu kwenda Selela na Engaruka, mara nyingine mpaka Ngaresero chini ya Ol Doinyo Lengai, na upande wa pili Karatu kwenda Mbulu. Aliyepita Engaruka wakati wa kiangazi anazijua rasta za kule, yale matuta madogo madogo ya udongo mgumu yaliyopangana barabara nzima, ambayo ukienda polepole yanakutingisha meno na ukienda kasi gari linaanza kuelea.

Dalili hazikuja siku moja. Kwanza gari lililala nyuma, zaidi upande wa dereva. Usiku taa za mbele zikawa zinamulika vilele vya migunga, na kila ninayekutana naye ananiwashia za kwake kwa hasira. Nikiingia kwenye shimo ekseli ya nyuma inagota mpaka nasikia chuma. Nikivuka tuta gari linanesa, linatulia, halafu linanesa tena kidogo. Mbaya kuliko zote, kwenye rasta za konani mkia ulikuwa unahama wenyewe kuelekea mtaroni.

Kila niliyemuuliza alijibu shokapu. Kijana mmoja alikalia kona ya boneti, akaisukuma mara mbili, akatangaza kwamba zote nne zimekufa. Kwenye gari dogo jaribio hilo lina maana yake. Kwenye 110, lenye springi za kubeba tani, hata ukimleta mcheza mieleka akalie boneti hataambua kitu.

Fundi niliyemwamini ni mzee mmoja wa Arusha ambaye ameziona Land Rover tangu zile 109 za zamani za springi za majani. Nilipomwamkia na kumweleza, hakufungua hata boneti. "Dokta," akasema, "nenda na gari lako kwenye barabara mbovu, uliendeshe kama kawaida yako. Ukisimama, kabla hujanywa hata maji, inama uziguse shokapu zote. Ya moto inafanya kazi. Ya baridi ulishaizika siku nyingi."

Sababu yake ni rahisi. Springi ndiyo inayobeba gari, lakini ikibonyezwa ikaachiwa ingependa iendelee kupanda na kushuka yenyewe. Shokapu huizuia kwa kulazimisha mafuta yapite kwenye matundu membamba ya vali, na nguvu ile ya mdundo inageuka kuwa joto. Kwa hiyo baada ya kilomita kadhaa za rasta shokapu nzima lazima iwe ya moto, wakati mwingine ya kukuunguza, na hivyo ni vizuri kugusa kwa mgongo wa mkono. Nilifanya hivyo kando ya barabara ya Selela, watoto wa mbuzi wakinishangaa. Ya nyuma kushoto ilikuwa ya baridi kabisa. Za mbele zilikuwa vuguvugu, na zimelowa mafuta yaliyogandana na vumbi.

Nikarudi nikijua nitanunua shokapu. Mzee akatoa futi ya kushonea, akapima kutoka katikati ya kikombe cha gurudumu mpaka ukingo wa matigadi, magurudumu yote manne. Hapimi kutoka chini kwenye ardhi, maana upepo wa tairi ukipungua unaharibu hesabu. Nyuma kulia kulikuwa kumeshuka kuliko kushoto, na zote mbili zilikuwa chini sana. Halafu akalala kwenye kipande cha boksi, akaingia uvunguni, na akakaa huko muda mrefu bila kusema neno.

Alichokiona ni pengo, mahali pa kifaa ambacho hakikuwepo. Baadhi ya hizi 110, kama Range Rover za kwanza za 1970, zilitoka kiwandani na kifaa cha Boge katikati ya ekseli ya nyuma, juu ya ile fremu yenye umbo la herufi A. Kifaa kile hujipampu chenyewe kwa mwendo wa gari na kuinua nyuma mzigo ukiwa mzito. Magari yenye kifaa hicho yaliwekewa springi laini zaidi nyuma, kwa kuwa zilikuwa na msaidizi. Kwenye gari langu msaidizi alikuwa ameondolewa, pengine enzi za shirika, vishikizo vyake vikaachwa vinaning'inia, na springi zile laini zikaachwa zibebe peke yake kazi ya wawili. Alama za rangi za kuzitambulisha springi zilishafutika. Ningefunga shokapu za gharama yoyote duniani juu ya springi zile, nyuma ingeendelea kulala na kugota.

Kama una 110 ya zamani inayolala nyuma, anzia hapo. Ingia uvunguni, tazama juu ya ekseli katikati. Boge mpya ni kazi kuipata na bei yake inakatisha tamaa, hivyo wengi wetu tunaiacha, tunaweka springi za gari lisilokuwa nayo. Ni uamuzi mzuri, mradi ziwekwe kweli.

Nikaenda dukani. Muuzaji, kijana mchangamfu, alinitolea springi nene za kutisha. "Weka hizi, mama, hutarudi hapa tena." Nikamuuliza ni za uzito gani. Akasema za uzito wote. Ukweli ni kwamba ndizo zilizokuwepo stoo. Springi za Old Man Emu zinauzwa kwa namba, na kila namba imekusudiwa mzigo fulani wa kudumu: gari tupu, gari lenye mzigo wa wastani, gari lenye bampa la chuma na winchi mbele, gari linaloishi na hema juu na matangi ya ziada. Za mzigo mzito sana zikifungwa kwenye gari jepesi hazibonyei inavyotakiwa. Gurudumu linaruka badala ya kufuata barabara, na mtikisiko unapanda moja kwa moja kwenye chesisi, kwenye viti, na kwangu mimi kwenye shingo ya mtungi.

Kazi yangu ilinisaidia hapo. Nina mizani ya kupimia ng'ombe. Niliuweka mzigo wangu wote juu yake, mtungi, madumu, tairi, kila kitu, ukaja kilo 300 na ushei. Nikaongeza uzito wa msaidizi wangu na wa mfugaji mmoja au wawili ambao hawakosi kuomba lifti. Sina winchi, sina bampa la chuma. Kwa hiyo mbele nikachagua springi za kawaida, nyuma nikachagua za mzigo wa wastani wa kudumu. Muuzaji alinitazama kama niliyeacha nyama nikachukua mchuzi, lakini aliziagiza, na zilipofika zilikuwa namba zilezile nilizoandika.

Watu huniuliza gari limeinuka kiasi gani, kana kwamba ndicho kilichonipeleka. Limepanda kama milimita 40 kuliko urefu wake halali, na zaidi ya hapo nyuma kwa sababu lilikuwa limezama. Sikutaka zaidi. Defender ukiiinua sana, usukani unakuwa mwepesi na gari linatangatanga kwenye lami kwa kuwa ekseli ya mbele imebadilika mlalo wake. Propela shafti ya mbele nayo inasimama pembe kali, krosi zake, yaani viungo vyake, zinaanza kulalamika, na mipira ya breki inabaki mifupi. Kila kimoja kina dawa yake ya kununua. Vijana wa mjini wanaozipandisha mpaka zinahitaji ngazi wana fedha kuliko mimi, au hawana mama mwenye magoti mabovu wa kumpakia.

Shokapu zenyewe ni zile za Nitrocharger. Old Man Emu ni mali ya ARB, kampuni ya Australia iliyoanzishwa 1975, na nchi yao ina rasta nyingi kuliko zetu. Ndani ni mirija miwili, mafuta, na gesi ya naitrojeni yenye shinikizo dogo. Gesi hiyo ni ya kuzuia mafuta yasitoe povu. Shokapu ya mafuta matupu ikipigwa na rasta kwa muda mrefu inachanganya hewa na mafuta, povu linapita kwenye vali bila upinzani wowote, na ghafla unaendesha gari lisilo na shokapu mpaka zipoe. Ndiyo maana mkia wangu ulikuwa ukinihama saa ya pili ya safari, wala si mwanzoni. Naitrojeni ya baridi ndani ya mtungi, naitrojeni ya moto chini ya sakafu. Msaidizi wangu amelifanya hilo kuwa mzaha wake wa kudumu.

Ufungaji. Habari njema ni kwamba springi za Defender hazihitaji kile kibano cha kuzibana ambacho Noah au RAV4 haiwezi kufunguliwa bila hicho. Gari linawekwa juu ya stendi imara chini ya chesisi, shokapu inafunguliwa, ekseli inateremshwa taratibu kwa jeki, na springi inatoka kwa mkono. Taratibu, kwa sababu ekseli ikiachiwa ianguke inaning'inia kwenye mpira wa breki.

Habari mbaya iko mbele. Shokapu ya mbele imesimama katikati ya springi, na kichwa chake kimeshikwa na mnara wa bati uliofungwa kwa nati nne. Bolti za nati hizo zimechomoza kutoka kwenye ringi nyembamba iliyo chini, na baada ya miaka mingi ya matope zinashikana na kutu. Ukizilazimisha, bolti inazunguka pamoja na nati au inakatika. Nunueni ringi hizo mpya kabla ya kuanza. Ni kitu cha bei ndogo kabisa kwenye orodha nzima, na ukikikosa gari linabaki juu ya stendi huku kijana anatumwa mjini. Mzee alizimwagia mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake na bado mbili zilikatika. Ringi zilikuwa mezani, tukaendelea.

Jambo lingine ambalo sikuwahi kuliona gereji nyingine: kabla ya kuzifunga, alizisimamisha shokapu wima, akazibonyeza na kuziachia mara kadhaa, mpaka upinzani ukawa sawa mwanzo hadi mwisho. Shokapu za mirija miwili zikilazwa dukani hewa inahamia mahali pasipo pake, na zinatakiwa kuitoa kabla hazijaanza kazi. Dakika chache tu. Wengi hawafanyi, halafu mteja anarudi akisema kapewa mbovu.

Tulibadilisha pia bushi za mikono inayoshika ekseli ya mbele, na za ule mtaimbo unaoizuia isihame kushoto na kulia. Zangu zilikuwa zimechanika, na nusu ya kelele niliyokuwa naisingizia shokapu ilitoka huko. Nilichagua za raba badala ya zile za plastiki ngumu za rangi rangi. Za plastiki zinadumu, lakini raba inameza mtikisiko mdogo mdogo, na mimi mtikisiko ndio adui yangu. Vijana walitaka kuzikaza kabisa gari likiwa bado juu. Mzee akawazuia kwa ukali: bushi ya raba imegandishwa kwenye chuma ndani na nje, ukiikaza magurudumu yakining'inia, gari likishuka raba inajisokota na kubaki imesokotwa maisha yake yote, na haitafika mwaka. Gari likashushwa, likasukumwa mbele na nyuma, likatikiswa, ndipo nati zikakazwa. Kama gereji yako haifanyi hivyo, simama pale uwaambie. Mteja anayenyamaza ndiye anayerudi kununua bushi.

Basi limekuwaje? Nililitoa gereji likiwa tupu, na kwa kweli njia nzima kutoka Arusha hadi Makuyuni sikufurahi. Nyuma ilikuwa inadunda kwenye kila tuta. Nikawaza kwamba muuzaji angenicheka, maana hizi ndizo nilizoziita za wastani. Nilipoupakia mzigo jioni likawa gari lingine. Lilishuka kidogo, likakaa sawa kushoto na kulia, na kesho yake kwenda Engaruka mkia ulibaki nyuma yangu muda wote. Tuta likipita, limepita. Kwenye makorongo ya Selela, ambako zamani nilipunguza mpaka gia ya kwanza nikisubiri kugota, sasa ekseli inashuka na kupanda bila kelele. Nimesimama mara kadhaa kuzigusa: zote nne za moto, na tofauti ya joto kati yao ni ndogo.

Kuhusu mtungi, nina kijiti cha kupimia kina cha naitrojeni, na ninakitumia kila jioni. Kwa safari ileile, kiasi kinachopotea sasa ni kidogo kuliko zamani, kwa jicho tu bila kuhitaji hesabu. Kwangu hiyo pekee ingetosha kuhalalisha ng'ombe mmoja kati ya wale wawili.

Rasta hazijaondoka, zinasikika bado. Anayetaka zipungue zaidi apunguze upepo wa tairi, na mwendo pia, kwa sababu tairi laini inazipunguzia shokapu joto. Taa za mbele zilibidi zirekebishwe, maana nyuma ilipoinuka zilianza kumulika miguu yangu. Na baada ya kilomita 1,000 hivi nilirudi gereji nati zote zikapitiwa tena kwa spana. Mbili zilikuwa zimelegea kidogo, jambo la kawaida kitu kipya kinapojikalisha.

Kwa wasio na uwezo wa seti kama hii, shokapu mpya za mafuta za bei nafuu si dhambi kama gari lako linaishi mjini na safari ya vumbi ni ya Krismasi. Ninachokiogopa ni mtumba uliooshwa na kupakwa rangi. Ukiletewa shokapu "kama mpya", futa fimbo yake kwa kitambaa uitafute mikwaruzo na madoa ya kutu, kwa sababu ndiyo yanayokata sili inayozuia mafuta yasivuje. Ibonyeze mpaka mwisho. Ya gesi inatakiwa irudi yenyewe polepole. Ikibaki chini, muachie mwenyewe. Na springi usinunue moja moja. Nunua jozi, la sivyo gari litakaa upande na hutajua kosa liko wapi.

Wenye Defender 90 msinakili uchaguzi wangu. Gari lenu ni fupi na jepesi, namba zake ni nyingine kabisa.

Kwangu imebaki boli jointi ya ile fremu ya nyuma, ina mchezo kidogo. Mzee ameitikisa kwa mtaimbo, akasema itavumilia masika haya. Nimeshaiagiza.